Mheshimiwa, Rudisha Dawa

Najma, Doha
Ijumaa mchana

Kwa ndugu yangu Japheth,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Phyllis na watoto wote. Goti lako lililokuwa likikusumbua linaendeleaje? Watoto wamefungua shule salama? Mimi mwili ni mzima. Kazi ya dobi inaendelea, na joto la huku limeanza kulegea, ingawa ukitoka nje saa sita bado unahisi mtu amekufungulia mlango wa oveni usoni. Wenzangu tunaokaa nao chumbani wanakusalimu pia, wale uliowaona ulipokuja.

Nimekusalimu vizuri kwa sababu Mama alitulea hivyo, kwamba hata ukimkasirikia mtu unaanza kwa kumjulia hali. Sasa nimekujulia hali. Nimekukasirikia, Japheth. Nimekukasirikia hadi wiki hii yote chakula kinanishinda, na msimamizi wangu, ambaye ni mtu wa Nepali na Kiswahili hajui hata neno, ameniuliza kama nimefiwa.

Usishangae kuletewa barua badala ya simu. Simu zangu hupokei tangu siku niliyouliza habari za dawa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, nikaamka asubuhi nikakuta nimetolewa kundini. Na hata ungepokea, nakujua unavyozungumza na simu. Unaiweka kwenye spika ya gari, dereva anasikia, mlinzi anasikia, na yule mpiga picha wako anasikia. Ninayotaka kukwambia si ya masikio ya dereva. Kwa hiyo barua hii nimempa Brandon, yule mtu wa kwetu aliye mlinzi huku, anayekuja nyumbani likizo Jumapili hii, na nimemwapisha akuwekee mkononi wewe mwenyewe. Akikwambia hataki kumwachia msaidizi wako usimfokee, ni mimi niliyemtuma. Soma ukiwa peke yako, na usome mpaka mwisho.

Nianze na ziara yenu ya mwezi wa Mei. Kamati yenu nzima ya bajeti ya bunge la kaunti ilipanda ndege ikaja Doha, mkasema mmekuja kujifunza jinsi mji huu unavyozoa taka. Nyinyi ambao soko la Khamukoya halina hata pipa moja. Nilicheka, lakini nilifurahi pia, maana nilikuwa sijakuona muda mrefu. Mlilala kwenye hoteli moja mtaa wa Al Sadd. Ulijua kwamba nafanya kazi Al Sadd, ila hukuuliza hoteli gani. Ni hiyohiyo, kaka. Shuka mlizolalia zilishuka kwangu kule chini kwenye mashine, nikazifua, nikazipiga pasi, zikapandishwa tena. Sikukwambia kwa sababu ulionekana una haraka.

Ijumaa ile tukawaalika kwenye mkahawa wa hapa Najma, ule ulio juu ya duka la kurekebisha simu. Unajua Umoja wetu wa watu wa Khamukoya ulianzishwa kwa jambo moja tu, kwamba mtu wetu akifia huku asizikwe ugenini. Hilo tunalijua vizuri mno. Mtu aliye hai hatujawahi kumchangia hata dawa ya kikohozi, lakini taja jeneza, utaona kila mmoja anatoa simu mfukoni na kutuma. Wewe ulilijua hilo kabla hujapanda ngazi za ule mkahawa. Ukasimama, ukafuta mdomo, ukasema wadi yetu ni ya aibu, watu wanabeba maiti zao kwa matrekta ya miwa, mvua ikinyesha jeneza linaingia maji. Ukasema ungependa wadi iwe na gari lake la maiti, jeupe, lenye kiyoyozi, na sisi wa Doha tukitoa sehemu basi kaunti itatoa sehemu nyingine. Watu walipiga makofi. Arnold, mwenyekiti wetu, ambaye anatoka kote kule Umm Salal anakolinda shamba la watu ili asikose kikao, alitokwa na machozi. Na mimi dada yako ndiye niliyezunguka mezani kukusanya, nikijisikia mkubwa kwa sababu yako.

Hukutuambia sehemu ya kaunti itatoka wapi. Tulidhani ni kwenye barabara, au kwenye chai yenu. Nimelijua mwezi huu, nilipokuona kwenye Facebook ukizungumza bungeni. Nilikuwa zamu ya asubuhi, simu nimeiegemeza kwenye ndoo ya sabuni, kisikizi kimoja sikioni na mashine zikinguruma pande zote. Nikakusikia ukisema wafadhili wameondoka na kaunti haiwezi kuwabeba watu wazima mgongoni milele. Ukapendekeza ule mpango wa kuwasaidia wasiojiweza kupata dawa za virusi vya Ukimwi ufutwe wote kwenye bajeti hii ya ziada. Wote, Japheth. Pesa za kununua dawa zile ambazo hazitoki tena ng'ambo, mshahara wa muuguzi anayekuja sokoni kupima damu na kugawa dawa, hata nauli ya wale wanaokwenda hospitali ya mjini kuwachukulia wenzao. Ukasema fedha hizo ziende kwenye huduma zinazomgusa kila mwananchi, na ya kwanza uliyoitaja ni gari la maiti.

Halafu ukasema lile neno ambalo sasa nalisikia hata nikikunja taulo. Ukasema katika wadi yako watu hao ni wachache, kwamba wewe unawajua watu wako mmoja mmoja, na kwamba hao wachache wamezoea vya bure. Wenzako wakagonga meza. Ukakaa, ukanywa maji yako.

Basi nikuulize, Mheshimiwa, maana leo neno kaka halinitoki. Vya bure ni vipi? Shuka za Al Sadd mlizolalia kwa kodi ya watu wa kaunti ni za bure au si za bure? Mtu anayeamka usiku kutembea hadi kituo cha afya, akakaa kwenye benchi mpaka jua linamchoma, akapewa vidonge vitakavyomwezesha kesho kurudi kwenye shamba la miwa la mtu mwingine, huyo ndiye aliyezoea vya bure? Umeona afadhali kumkatia mtu dawa, halafu umnunulie gari la kumbeba akifa kwa kukosa dawa. Kweli limemgusa kila mwananchi. Hata mimi limenigusa, nimelichangia.

Hukuiba, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ungekuwa mwizi ningejua la kusema, ningekutukana yakaisha. Lakini wewe ulisimama pale ukiamini. Nilikuona usoni, nakujua tangu tukilala mkeka mmoja, najua uso wako unapodanganya. Haukuwa unadanganya. Unaamini kabisa kwamba watu hao ni watu wengine, wako mahali fulani, hawana majina, na hawajawahi kukupikia.

Nikupe jina moja unalolijua. Roselyne. Unamkumbuka, yule binti wa upande wa mtoni aliyekuwa analala kitanda cha chini yangu hapa Najma, tuliyekuwa tukipika naye ugali wa Ijumaa. Roselyne alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa familia moja, kisha akapata nafasi nzuri zaidi hotelini. Kubadilisha kazi ilibidi apimwe upya. Kama hujui, sheria ya huku iko wazi, mgeni akikutwa na virusi hapewi ukaazi. Yule mandubu wa kampuni anayeshughulika na makaratasi yetu alikuja mlangoni, hakuingia, akasema tu khalasi, yamekwisha, afungashe. Hakupewa hata nafasi ya kuaga waajiri wake wa zamani, na watoto wao alikuwa amewalea. Mimi ndiye niliyemfungia begi. Alikuwa anakunja nguo, anazikunjua, anazikunja tena, hadi nikamwambia akae nimalizie mimi. Nililia sana siku ile na nikaichukia Doha, lakini nilijiambia hapa si kwao, wana sheria zao, anakwenda nyumbani ambako ana haki ya kutibiwa.

Nyumbani! Kwao walishasikia kabla ndege haijatua. Wakamtengea sahani, wakamtengea kikombe, kaka yake akamwambia alale jikoni. Mama aliposikia hakumtuma mtu, alikwenda mwenyewe kwa miguu, akamchukua, akamleta kwetu na kumpa chumba chako. Ulipokuja Krismasi ukauliza ni nani amelala kitandani kwako, Mama akakwambia ni rafiki ya Nafula amerudi kutoka Uarabuni ana malaria. Ulimpa pole, ukamwambia ajikaze. Hakuwa na malaria. Mama alikuwa ameshampeleka kwa Hannah, yule muuguzi wa sokoni, akaandikishwa kwenye mpango, akaanza dawa. Hazikupita siku nyingi mwili ukarudi. Leo Roselyne anakaanga samaki pale karibu na posho mill ya kusagia mahindi, mnene, ana kelele, anawatania wateja. Umewahi kununua samaki wake, alinitumia picha yako ukila na mkono wako umejaa mafuta.

Sasa sikia kilichofuata hotuba yako. Bunge halijapiga hata kura, lakini maafisa wenu walishaelewa upepo unaelekea wapi, wakasimamisha malipo. Hannah akaambiwa akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Waliokuwa wakipewa dawa za mwezi mzima sasa wanahesabiwa za siku chache, na kuzifuata ni mjini, nauli kwenda na kurudi kila mara. Roselyne alinipigia. Hakunilaumu, hata jina lako hakulitaja kwa heshima yangu. Aliniuliza tu kama naweza kumtafutia dawa zilezile huku Doha nimtumie na mtu.

Unajua nilifanya nini? Nilikwenda. Nilivaa nguo nzuri, nikaingia duka la dawa, na nimeliandika jina la dawa kwenye kiganja. Nilimwonyesha mfamasia, mtu mzima wa Kihindi mwenye miwani. Alinitazama, akatazama kitambulisho cha kampuni kilichokuwa kinaning'inia shingoni kwangu ambacho kwa ujinga wangu sikukivua, akanisogelea na kuniambia kwa sauti ndogo nisimuulize mtu mwingine yeyote swali hilo katika nchi hii, niende nyumbani. Hakuniambia kwa ubaya. Nilitoka nikatembea bila kujua naelekea wapi, namgeukia kila mtu aliye nyuma yangu. Kibarua changu kingeota nyasi siku ile kwa sababu ya vidonge ambavyo kwenye wadi ya kaka yangu vilikuwa vinapatikana chini ya mti wa sokoni mpaka kaka yangu alipogongewa meza.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Doha ilimkataa Roselyne kwa sababu si mtoto wake. Nyinyi mnamkataa na ni mtoto wenu.

Niliita kikao cha Umoja, hapahapa kwenye ule mkahawa. Nikawachezea hotuba yako yote. Ilipokwisha hakuna aliyegusa chakula. Arnold ndiye aliyezungumza kwanza, akasema, "Huyu mheshimiwa ametucheza. Tumechanga tukidhani tunasitiri maiti, kumbe tunaziandaa." Kuna waliokutetea, usidhani wote walikugeuka. Shamira wa kwa mzee Wesonga alisema huenda hukuelewa ulichokuwa unasoma. Mimi nilisema unaelewa. Tukakubaliana kwamba mchango wetu hauingii kwenye gari hilo, na tumemwandikia karani wa bunge tukipinga mpango kufutwa, kila mmoja ameweka sahihi na nambari yake ya mpiga kura. Mwezi huu tutamlipia Hannah nauli ili asikae bure. Ni mara ya kwanza tangu Umoja uwepo kumchangia mtu anayepumua. Lakini haitoshi wala si kazi yetu. Sisi ni watu wa kufua shuka na kufungua mageti. Hatuwezi kuwa serikali ya kaunti kutoka Najma, wakati serikali yenyewe mnayo na mishahara yake mnakula.

Nikampigia Mama. Nilidhani atalia. Aliniuliza tu kama niliyemwona kwenye simu ni Japheth kweli au ni mtu aliyefanana naye. Nikamwambia ni wewe, na ile suti ya kijivu aliyokuchagulia yeye. Kisha akasema nimwache kwanza. Alipopiga tena, alikuwa amekata shauri, na barua hii ni kazi aliyonipa yeye. Yote niliyoandika hadi hapa ni hasira zangu mwenyewe. Yanayofuata ni yake.

Kaka, hukujiuliza Mama alijuaje mahali pa kumpeleka Roselyne? Mama ambaye hata kituo cha polisi hajui kilipo, alimjuaje Hannah, alijuaje siku anazokuja, alijuaje la kumwambia?

Unakijua Kikundi cha Tujikaze. Unakijua sana, maana ulikula kuku wao wakati wa kampeni, hapo nyumbani kwetu, uani. Uliwagawia leso zenye picha yako. Ukawasifu kwenye kipaza sauti, ukasema ungependa vijana wote wa wadi waige nidhamu ya kina mama na wazee hawa, wanaokutana kila mwezi bila kukosa, na kila mwezi wanamtuma mmoja wao mjini kwa zamu kupeleka akiba benki. Uliambiwa benki, ukaamini.

Hakuna benki, Japheth. Hakujawahi kuwa na benki. Anayekwenda mjini huenda hospitali. Anabeba kadi za wenzake wote, anachukua dawa za wenzake wote, anarudi nazo kikapuni chini ya nyanya, na siku ya mkutano kila mmoja anapewa zake. Ndivyo walivyopangiwa na hospitali, ili wasiende wote kila mwezi na wasionekane kwenye foleni. Wakishagawana, wanakunywa chai na kununuliana sufuria, mtu akipita aone ni chama cha akiba. Wale wachache uliowataja bungeni walikuwa wamejaa ua wetu. Uliwapa mkono mmoja mmoja. Kweli unawajua watu wako.

Na unajua mweka hazina wa Tujikaze ni nani.

Mama ana virusi. Anavyo tangu Baba akiwa hai, ila alijua baada ya mazishi. Sisi tuliambiwa Baba alikufa kwa kifua, na kifua kweli kilikuwapo. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Mimi nilikuwa nyumbani, ndiye niliyekuwa nikimshika mkono kwenda naye hospitali, ndiyo maana nilijua na wewe hukujua. Alinikataza kukwambia. Alisema usije ukaanguka mtihani kwa kumfikiria. Kisha ukaingia chuo, kisha ukawa mwalimu, kisha ukawa Mheshimiwa, na kila mwaka akasema bado. Zile dawa za presha unazomnunulia anazimeza pia, presha anayo kweli, na siku hizi inapanda kwa sababu yako.

Uliulizwa siku moja na mtangazaji wa redio ni nani aliyekufikisha ulipo, ukasema ni mama mjane aliyeuza viazi vitamu barabarani ukasoma. Ni kweli. Lakini mjane huyo aliweza kusimama barabarani kwa sababu ya vidonge vya bure. Ukiondoa vidonge hivyo, hakuna viazi, hakuna ada, hakuna suti ya kijivu. Wewe ndiye uliyezoea vya bure, ndugu yangu, na hukuwahi kuambiwa.

Kina Tujikaze wamekaa, wamekubaliana. Hakuna aliyelazimishwa, na waliosema hapana wameachwa, majina yao mimi siyajui wala sitaki kuyajua. Lakini wengi watakuja kwenye ule mkutano wa umma wa bajeti Ijumaa ijayo, pale ukumbi wa jamii, ambapo wewe ni mwenyekiti wa kusikiliza maoni. Watakaa mstari wa mbele, na watavaa leso zako. Mama ameomba kuzungumza wa kwanza. Atasema jina lake, atasema yeye ni mama wa nani, na atasema tangu lini anameza dawa.

Mimi nilimsihi asikwambie. Nakiri mbele yako. Nilitaka ulijue palepale, kipaza sauti mkononi, macho ya wadi nzima usoni kwako, uwaone wenyewe hao wachache. Nilikuwa nimeshaifurahia picha hiyo kichwani. Mama aligombana nami. Alisema yeye haendi pale kumwaibisha mtoto wake, anakwenda kudai dawa, na kwamba mtoto lazima aambiwe nyumbani kwanza kabla ya kuambiwa sokoni. Kwa kuwa nyumbani huji, na kwa kuwa yeye akikaa mbele yako maneno yatamkimbia, akasema Nafula aandike. Basi nimeandika.

Umeambiwa sasa. Usimpigie simu kumzuia. Usimtumie pasta aje kumshawishi. Usimwambie atakuharibia uchaguzi, kwa sababu hilo analijua na limemkosesha usingizi kuliko ugonjwa.

Kuna jambo moja anataka, na amesema nisiliandike kwa ukali, kwa hiyo naliandika taratibu. Alhamisi, siku moja kabla ya mkutano, ni zamu yake kwenda mjini kuchukua dawa za kikundi. Wamemwambia hawana uhakika kama mwezi ujao zitakuwapo. Yeye atasimama barabarani alfajiri kungoja gari, kama alivyofanya miaka yote ukiwa umelala. Mpeleke. Mwache dereva nyumbani, mwache mpiga picha. Usimpitishe mlango wa wakubwa wala usimwite daktari mkuu. Kaa naye kwenye foleni, jina la mama yako liitwe kwa sauti na wewe ukiwepo, na ukitazamwa, utazamwe. Akipewa dawa, shika kadi zile uone ni nyingi kiasi gani. Halafu Ijumaa ukae kwenye kiti chako cha mwenyekiti usikilize, na siku ya kura uinue mkono utakavyoona ni haki.

Nimemaliza. Msalimie wifi Phyllis na umwambie zile shuka alizoagiza nimezipata, Brandon anazo. Wabusu watoto. Roselyne anakusalimu, alisema nisisahau. Watu wa Umoja wanakusalimu pia, hata Arnold, ingawa yeye ilibidi nimbembeleze.

Nakupenda, kaka yangu, na bado sijakusamehe. Alhamisi nitampigia Mama saa nne, akiwa kwenye foleni. Nitamwomba ampe simu aliyekaa naye.

Ni mimi dada yako,
Nafula